Sanduku la Kale Husomwa Kitakoni

Wazee wetu, shikamooni. Mafundi seremala, wauzaji wa vitu vilivyotumika, madalali wa minadani, nanyi mliokuja kwa sababu chumbani kwenu kuna sanduku la bibi ambalo kila ndugu ana habari zake: karibuni Mikindani, na ahsanteni kwa kuitikia.

Sanduku la kale likiibuka sokoni, swali ni moja: limetoka wapi? Na jibu huwa limeshakaa mdomoni hata kabla kifuniko hakijafunguliwa. "La Zanzibar hilo." Au, "La Mjerumani." Majibu hayo mawili yamepandisha bei ya masanduku mengi na kuyapotezea habari zake za kweli. Tunachokuja kusema ni kwamba sanduku halina asili moja. Kuna asili ya mti, asili ya mkono uliounga mbao, asili ya shaba na chuma, na mwisho kuna safari ambayo sanduku limepita. Msaji uliokatwa Burma unaweza kupasuliwa na kuungwa Bombay, sanduku likapigwa njumu, yaani misumari ya shaba ya mapambo, huko Unguja, likabadilishwa bawaba Lindi mjini, na leo linauzwa Masasi. Ukitaja mji mmoja tu kati ya hiyo, umetaja robo ya habari.

Kwa hiyo kila sehemu iulizwe peke yake, na iulizwe pale ambapo fundi hakutegemea mtu aangalie. Uso wa sanduku ulitengenezwa ili upendeze. Kitako, mgongo wa droo na upande wa ndani wa kitasa havikutengenezwa kwa ajili ya macho ya mtu, ndiyo maana ushahidi umebaki huko.

Kabla ya yote, sanduku lisisafishwe. Tunalisema hili kwa uchungu, kwa sababu kosa hili halirekebishiki. Msasa huondoa alama za randa na msumeno pamoja na rangi ambayo mbao imeivuta kwa miaka. Tina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, hufuta maandishi ya wino ndani ya dakika moja. Kung'arisha shaba kwa ndimu na majivu huondoa kutu ya kijani iliyokuwa ikionyesha kwamba njumu hizo zimekaa kwenye mbao hiyo muda mrefu. Vumbi lipanguswe kwa brashi laini, basi. Na hilo vumbi la kwenye pembe za droo lichunguzwe kwanza: punje za nafaka, vipande vya karatasi, hata sandarusi, vyote ni habari za kazi ambayo sanduku limefanya.

Vifaa ni vichache: tochi, sumaku ndogo, tepu yenye inchi na sentimita, lenzi ya kukuza mara 10, wembe mpya, pamba na spiriti kidogo, penseli na daftari. Mizani ya gramu ikipatikana ni neema. Piga picha pande zote 6 kabla hujagusa kitu, kisha toa droo zote na uzipe namba kwa vipande vya karatasi vilivyowekwa ndani yake, si kwa kuandika kwenye mbao. Funga kifuniko kwa kamba ya kitambaa, kwa sababu kikifunguka sanduku likiwa limepinduliwa bawaba hung'oka na kuondoka na mbao. Wawe watu wawili, blanketi chini, sanduku lilazwe kwa mgongo.

Tuanze na mti. Tafuta mahali palipokatwa kukingama nyuzi, pale kitakoni au nyuma ya droo, na kwa wembe kata safi sehemu ya upana wa nusu sentimita. Paloweshe kwa mate au tone la maji, halafu weka lenzi. Msaji una matundu makubwa yaliyojipanga mstari mwanzoni mwa kila pete ya ukuaji, kisha yanakuwa madogo. Mvule hauna mstari huo: matundu yake yametawanyika, na kila tundu limezungukwa na doa jeupe linalojitanua pembeni mpaka madoa yanashikana. Hii ndiyo tofauti inayokosewa zaidi, maana miti hii miwili ikizeeka hufanana rangi kabisa. Msaji ukiguswa una mafuta mafuta, na ukikwanguliwa unanuka kama ngozi ya kale. Mkongo una rangi nyekundu ya hudhurungi, ni mzito, na matunduni mwake mara nyingi kuna unga mweupe au wa njano. Mninga ni mwepesi kuliko unavyoonekana, na haujipindi ovyo, ndiyo sababu mafundi wetu waliupenda kwa vifuniko.

Kama kuna kipande kilicholegea ambacho kinaweza kutolewa bila kuvunja kitu, kipime. Kipande cha sentimita 10 kwa 5 kwa 2 kina ujazo wa sentimita 100 za mchemraba, kwa hiyo gramu zake zinasoma moja kwa moja. Msonobari wa Ulaya utakupa kama gramu 40 hadi 55. Msaji, mvule na mninga huangukia karibu na 60 hadi 70, hivyo mizani haiwezi kuvitenganisha hivyo vitatu, rudi kwenye lenzi. Mkongo huwa 75 hadi 90. Sesemi, ule mti mweusi wa zambarau kutoka India, huwa kama 80 na kitu. Mpingo hupita 120 na huzama majini. Kipande kikiwa na rangi nene au kimeliwa na wadudu, vipimo hivi havifai.

Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza: msaji si ushahidi wa India. Umepandwa nchini mwetu tangu wakati wa Wajerumani, na mashamba ya Longuza na Mtibwa yanatoa mbao mpaka leo. Kinachosaidia ni upana wa ubao na wembamba wa pete. Ubao mmoja usio na kiungo wenye upana wa sentimita 50, pete zimebanana, umetoka kwenye mti mkubwa wa msitu wa asili. Ubavu uliotengenezwa kwa vibao vya sentimita 12 vilivyogundishwa, pete pana kama kidole cha mtoto, ni msaji wa shambani. Mtego wa pili ni harufu ya kafuri. Watu wakiisikia husema mara moja "Mchina". Ni kweli China na Hong Kong zilipeleka masanduku mengi ya kafuri yaliyochongwa kwa kina, lakini mkulo wa Usambara na Kilimanjaro nao unanuka kafuri. Na naftalini iliyowekwa kabatini miaka 10 hudanganya pua ya mtu yeyote. Kwangua kidogo: harufu ya mti hutoka ndani ikiwa kali zaidi, ya naftalini hupungua.

Usiishie kwenye ubao wa mbele. Angalia mbao za siri, yaani kitako cha droo na mgongo. Fundi hutumia mti wa bei kwa mbele, na kwa nyuma hutumia mti wa jirani yake. Sanduku lenye uso wa msaji na vitako vya droo vya mwembe au mfenesi limeungwa mahali ambapo miti hiyo ipo, au limefanyiwa ukarabati huko. Ili kujua ni lipi kati ya hayo mawili, tazama kama droo zote zina mti uleule na alama zilezile za randa.

Tuje kwenye mkono wa fundi. Vitabu vya Ulaya vinasema alama za msumeno zilizonyooka, zisizolingana nafasi, ni za kupasua kwa mkono, hivyo kitu ni cha kabla ya mashine. Na alama za upinde ni za msumeno wa duara, hivyo ni za karne ya 19 kuja mbele. Nusu ya pili ya kanuni hiyo inafaa hapa. Nusu ya kwanza haifai. Mbao zinapasuliwa kwa msumeno wa watu wawili katika misitu ya kusini mpaka kizazi hiki, kwa hiyo alama zilizonyooka hazithibitishi uzee. Vivyo hivyo kwa inchi. Mbao madukani kwetu bado zinauzwa kwa inchi, kwa hiyo unene wa inchi moja hausemi kitu kuhusu mwaka.

Ila vipimo vinaweza kusema kuhusu mahali, mkipima panapostahili. Mbao hunywea kwa upana, si kwa urefu wa nyuzi. Basi pimeni urefu wa sanduku kufuata nyuzi. Ukipata sentimita 91.4, hizo ni inchi 36 kamili, yadi moja. Fundi alikuwa na rula ya Kiingereza. Ukipata 90 au 100 kamili, fundi alifikiri kwa mita, kama Wajerumani na Wareno walivyofanya. Upana usiutegemee: ubao wa sentimita 50 unaweza kupungua nusu sentimita au zaidi, na ndiyo sababu vifuniko vya kale hupasuka katikati. Fundi aliupigilia ubao pande zote mbili, ukakosa nafasi ya kunywea.

Viungo vya pembeni, vile vyenye meno yanayotanuka kama mkia wa njiwa, vitazamwe kwa ukaribu. Meno yaliyokatwa kwa mkono hayalingani, na ndani yake huwa na mstari wa kukwaruza ambao fundi alijipimia. Meno ya mashine yanalingana kama ya kitana. Karakana za misheni zilifundisha vijana wa kusini viungo vya namna hii. Ndanda, iliyoanzishwa na Wabenedikti mwaka 1906, ni mfano mmoja. Kwa hiyo sanduku la mninga lenye viungo vya Kizungu si lazima limevuka bahari. Linaweza kuwa limetengenezwa na fundi wa Kimakonde au Kimakua aliyefundishwa umbali wa zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa, na sisi tunaona hiyo ni asili ya kujivunia kuliko ile ya kubuni.

Misumari na skrubu ndiyo kalenda nzuri zaidi. Msumari uliofuliwa una mwili wa pembe 4 na kichwa kisicholingana. Wa waya, wa mviringo, ulienea miaka ya 1880 na 1890. Skrubu yenye ncha butu na mfereji usiokaa katikati ya kichwa ni ya kabla ya katikati ya karne ya 19. Yenye ncha kali ni ya baada ya hapo. Skrubu ya kichwa cha nyota haikuwepo kabla ya miaka ya 1930. Lakini skrubu moja ya nyota haifanyi sanduku kuwa jipya. Inakwambia bawaba hiyo ilifungwa lini. Toa skrubu moja tu, utazame tundu: tundu kubwa lililozibwa kijiti pembeni yake maana yake kulikuwa na bawaba nyingine kabla ya hiyo.

Na kutu? Hapa pwani chumvi hutafuna msumari mpya ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo kutu peke yake haina neno. Angalia mbao inayouzunguka msumari. Chuma kikikaa miaka mingi kwenye miti yenye utomvu mkali, mbao huwa nyeusi ya samawati kuzunguka tundu, na weusi huo hufuata nyuzi kwenda juu na chini. Msumari wenye kutu nene kwenye mbao safi umezeeshwa kwa maji ya chumvi, au umetolewa kwingine.

Njumu sasa. Weka sumaku. Shaba halisi haishikwi. Chuma kilichopakwa rangi ya shaba hunaswa papo hapo. Njumu za kiwandani huwa na kichwa cha shaba nyembamba na mguu wa chuma, kwa hiyo sumaku hushika kidogo. Gusa njumu nyingi, si moja. Kwenye sanduku la zamani nafasi kati ya njumu na njumu hutofautiana, kwa sababu ziligongwa kwa jicho na kamba, na chini ya bamba la shaba rangi ya mbao huwa changa kuliko pembeni. Bamba likiwa limeinuka kidogo, ingiza mwanga wa tochi uone. Pakiwa na rangi ileile ya pembeni, bamba limewekwa juzi.

Mjue pia kwamba majina "Surati", "Bombay" na "Shirazi" yanayotumiwa sokoni ni majina ya mitindo. Hati ya kuzaliwa ni jambo lingine. Masanduku mengi yanayoitwa ya Zanzibar yaliletwa kutoka pwani ya magharibi ya India kwa majahazi ya kaskazi, na mengine yakaundwa Unguja na Lamu kwa kuiga. Andika "mtindo wa Surati", usiandike "la Surati", mpaka mti na viungo vikubaliane na jina.

Kitasa kikitolewa, tazama mgongo wake. Chubb, watengeneza vitasa wa Uingereza, waliweka namba kwenye vitasa vyao. Aligarh huko India ni mji wa wafua vitasa tangu karne ya 19. Maneno "Made in" yakiandamana na jina la nchi yanaonyesha baada ya 1887, mwaka Uingereza ilipotunga sheria iliyolazimisha bidhaa za nje kutajwa zilikotoka. Maneno hayo hayafiki mbali zaidi ya kitasa chenyewe.

Tumefika kwenye maandishi, na hapa tuende polepole, kwa kuwa makosa makubwa hufanyika hapa. Zima taa, shika tochi ubavuni mwa ubao ikiwa karibu kulala, na herufi zilizofifia zitajitokeza kwa vivuli. Piga picha kwa simu, uongeze utofauti wa mwanga. Maandishi yenye mstari mnene juu unaounganisha herufi ni Kidevanagari. Yanayofanana nayo lakini bila mstari wa juu ni Kigujarati, lugha ya wafanyabiashara wengi wa Kihindi waliokaa Lindi, Kilwa na hapa Mikindani. Mwaka ukiandikwa kwa tarakimu za Kigujarati, usiuchukue kama ulivyo. Wafanyabiashara hao waliandika daftari zao kwa kalenda ya Vikram, iliyo mbele ya hii yetu kwa miaka 56 au 57. Mtu akisoma 1950 akadhani ni wakati wa mpango wa Waingereza wa kulima karanga, kumbe ni 1893 au 1894. Kwa mwaka wa Hijria zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622: 1310 inatoa 1892 au 1893.

Bei nayo huzungumza. Rupia na pesa ni za kabla ya 1904. Rupia na heller ni za Wajerumani kuanzia 1904. Shilingi ni za kuanzia miaka ya 1920. Herufi D.O.A., yaani Deutsch-Ostafrika, ni koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki. Ukiona D.O.A.L., hiyo ni kampuni ya meli ya Hamburg iliyoanza 1890, nayo inathibitisha safari tu. "Tanganyika" bila "Tanzania" ni kabla ya mwisho wa 1964. "Porto Amélia" ni Pemba ya Msumbiji kabla ya 1975, jina ambalo linaweza kuonekana huku kwetu kwa sababu ya ujirani wa Ruvuma. "Ceylon" kwenye sanduku la chai ni kabla ya 1972, ila angalieni, jina hilo limebaki kama jina la chai hata leo; litafutwe kama jina la bandari au la serikali.

Mkiona neno limekatwa katikati, nusu ya herufi ipo na nusu haipo, ubao huo ulitoka kwenye kreti nyingine. Kusini tulitumia kreti sana. Mafuta ya taa yalikuja madebe mawili katika sanduku moja la msonobari, na mbao zake zikawa droo, meza, milango ya kabati. Ubao wa msonobari wa unene wa sentimita moja na kitu, wenye chapa ya mafuta upande wa ndani, ni dalili kwamba fundi alikuwa hapa hapa. Kreti zenye O.F.C. zinaweza kuwa za Overseas Food Corporation, shirika la Uingereza lililochukua mpango wa karanga mwaka 1948. Herufi hizo zikiwa pamoja na neno Nachingwea, palipolimwa karanga hizo, dalili inakuwa nzito, kwa kuwa mizigo ilipita Mtwara kwa reli iliyofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Na mshale mpana wenye mistari mitatu inayokutana juu ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Sanduku la risasi lenye mshale huo, vishikio vya kamba na skrubu za shaba zilizowekwa kuepusha cheche, watu husema ni la vita vya Mahiwa vya Oktoba 1917. Huenda. Lakini alama hiyo ilitumika pia vita vya pili, kwa hiyo tafuteni mwaka uliogongwa au kuandikwa kabla ya kutaja Mahiwa.

Matundu ya wadudu yasitishe wala yasisifiwe. Tundu jipya lina kingo kali na unga mweupe. La zamani limekuwa jeusi na kingo zimelainika. Ukiona mifereji iliyo wazi juu ya ubao badala ya matundu, mbao ililiwa kwanza ndipo ikarandwa: ni mbao ya zamani iliyotumiwa upya. Kuchakaa nako kuwe na akili. Mkono hugusa ukingo wa kifuniko, tundu la ufunguo na vishikio; miguu huliwa na unyevu wa sakafu. Sanduku lililochakaa sawasawa kila mahali limechakazwa.

Kuhusu rangi ya juu, pamba yenye tone la spiriti iwekwe mahali pa siri kwa dakika moja. Ikinata, ni shelaki, ile rangi ya zamani ya kung'arisha inayoyeyuka kwa spiriti, na isipakwe vanishi juu yake.

Mwisho ni sheria, na wafanyabiashara wasikilize hapa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa nchini kabla ya 1863, vitu vya utamaduni vya baada ya hapo, na milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940. Kupeleka nje kunahitaji kibali. Kwa hiyo sanduku lililoundwa kwa ubao wa mlango wa Kiswahili ni jambo la kuulizia Idara ya Mambo ya Kale, si la kumkabidhi mtalii. Na tangu 2 Januari 2017 biashara ya kimataifa ya miti yote ya jenasi Dalbergia, yaani mpingo na sesemi pamoja, iko chini ya udhibiti wa mkataba wa viumbe vilivyo hatarini. Mnunuzi wa nje aambiwe hivyo kabla ya kulipa.

Matokeo yaandikwe kwa penseli kwenye kadi, ifungwe kwa uzi wa pamba kwenye kishikio, isibandikwe kwa selotepu. Mistari minne: mti, useremala, shaba na chuma, safari. Mbele ya kila mmoja andika "hakika", "inaelekea" au "bado". Kadi ya sanduku hili lililo mezani, kwa kulitazama kwa nje tu, inasoma hivi: mti, inaelekea mvule; useremala, bado; shaba na chuma, njumu ni za shaba, hakika, ila 6 za kona ya kushoto zinashikwa na sumaku; safari, bado.

Watu wawili wasogee, mmoja kila upande. Kamba ya kifuniko hii hapa. Tulilaze.